Kiapo cha skauti badilisheni tu, lakini ule usiku mtuachie

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha picha amevaa skafu ya skauti, meno yote nje, nikamuuliza haya umeapishwa lini, akaniambia eti Ijumaa kwa paredi ya asubuhi, "tulikuwa kama sitini hivi anko, mwalimu akasoma mstari tukarudia wote halafu kengele ikalia tukaenda hesabu." Hivyo tu. Nilimwambia hongera na nilimaanisha, lakini hiyo kengele imekataa kunitoka kichwani.

Sasa kabla hujasema nimeanza kuzeeka, mimi si wale wa kiapo kisiguswe. Hao nawajua sana, ukitaja kubadilisha neno moja wanakuambia Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeanzisha skauti, atageuka kaburini pale Nyeri. Wacha ageuke bana. Yeye mwenyewe alikuwa anarekebisha vitu kila saa. Kwa kile kiapo chake cha 1908 ulikuwa unaahidi kusaidia watu hata ikugharimu nini, na hayo maneno ya gharama baadaye yakatolewa. Sheria za skauti nazo zilianza zikiwa tisa, ile ya kumi ya kuwa msafi wa mawazo, maneno na matendo iliingia 1911, na sisi tumezikariri zote kumi kama zilishuka na Musa mlimani.

Halafu hizo "mila za asili" zenyewe alizitoa wapi? Ile kempu ya kwanza ya Agosti 1907 kisiwani Brownsea, vijana kama ishirini, alikuwa anawaita kwa pembe ya tandala aliyorudi nayo kutoka vita vya Matabele. Akawafundisha kuzunguka moto wakiimba Ingonyama, Kizulu kilichovunjwavunjwa, maana yake huyo ni simba, aah ni zaidi ya simba, ni kiboko! Hebu fikiria watoto wa Uingereza na soksi zao ndefu wakipiga kelele za kiboko. Na zile shanga za mbao wanazovaa viongozi waliofuzu kozi ya Gilwell, ile ya kufunza walezi wa skauti, ya kwanza ikiwa 1919, alisema zimetoka kwa mkufu wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Kwa hivyo vitu vilibebwa huku kwetu, vikapigwa pasi huko, vikarudishwa kwetu kama vya mzungu, na leo kuna mtu anavilinda visiguswe. Aki nacheka.

Waingereza wenyewe hawajali hivyo. 1967 walitoa neno "mvulana" kwa jina la chama na kupunguza sheria zikabaki saba, na tangu Januari 2014 asiye na dini ana toleo lake la kiapo lisilomtaja Mungu. Malkia alipofariki Septemba 2022 watoto wakaanza kuahidi kwa Mfalme, maisha yakaendelea. Hata sisi baada ya uhuru Malkia alitoka kwa kiapo nchi ikaingia, na sijasikia mtu akilia. Hiyo ya Mungu najua kwetu haiguswi karibuni, na sitaanzisha hiyo vita leo.

Maneno basi sio shida yangu. Shida yangu ni kwamba siku hizi tunagombania maneno huku ile kazi ya kuapishwa yenyewe inakatwa kidogo kidogo na hakuna anayepiga kelele. Moto hakuna juu kuni ni ghali na mwalimu anaogopa wazazi, usiku hakuna, kuitwa mmoja mmoja hakuna juu watoto ni wengi. Kila sababu ukiisikiliza ina maana, hilo ndilo linaniudhi, siwezi hata kumlaumu mtu.

Sisi tuliwekwa tungoje. Mlezi wetu wa skauti, mwalimu mmoja mpole sana mchana, alitukalisha nyuma ya jikoni ya shule kuanzia saa mbili usiku, moto wa kuni mbichi za mkaratusi, moshi mtupu, na ukiitwa unaenda peke yako gizani mpaka kwa bendera. Kabla ya kuitwa hujui ni lini. Mimi nilikuwa wa kumi na moja au hapo, nimekaa masaa nikisikia wenzangu wakienda na hawarudi, kumbe walikuwa wanapelekwa kunywa chai upande ule mwingine. Nilitetemeka hadi vile vidole vitatu vya kuapia vikakataa kunyooka, akavinyoosha yeye mwenyewe bila kusema kitu, akangoja. Halafu akanipa mkono wa kushoto, ile salamu ya skauti. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilikuwa sijawahi kungojewa na mtu mzima hivyo.

Hiyo haihitaji pesa nyingi jamani. Watoto sitini wagawe kwa patroli, vile vikundi vidogo vya skauti, usiku nane, Jumamosi nane, wazazi waitwe wakae pale wakiogopa. Moto ukikataliwa leta taa ya kerosini. Lakini kila mtoto aitwe kwa jina lake.

Mpwa wangu aliniambia basi anko sema yako tusikie. Nikasimama kabisa hapo sebuleni, vidole vitatu juu, nikaanza kwa sauti, nikafika kwa Mungu na nchi yangu nikakwama. Macho yalikuwa yananiwasha kama ule moshi uko hapo. Yeye ndiye alinimalizia.