Jirani amenyamaza, tumtafute ama tumwache?

Kwa karibu miaka miwili, kabla hata sijaosha uso, nilikuwa nasoma meseji moja. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, Jumatatu hadi Jumamosi: "Majirani amkeni. Forty-five kwa tao hamsini. Manyunyu. Allsops bado inapumua." Basi, ndio hiyo tu: nauli ya matatu namba 45 za Githurai hadi katikati ya jiji, hali ya hewa, na jam pale Allsops. Sisi watu wa Thika Road tuko na grupu ya WhatsApp, watu kama mia tatu hivi, kazi yake ni kuambiana fea imepanda ama haijapanda, jam imeanzia wapi, mvua iko Roysambu ama ni Githurai peke yake, na huyu jamaa ndiye alikuwa redio yetu. Jina lake hakuna aliyelijua. Vile alizoea kutuita majirani na sisi tukamwita Jirani, na profaili yake ilikuwa picha ya kikombe cha chai juu ya ukuta wa mawe.

Halafu akanyamaza.

Nianze na aibu yetu kwanza. Ilituchukua siku tisa kuuliza. Asubuhi ile ya kwanza watu waliuliza fea ni ngapi leo, mtu mwingine akajibu mia, kulikuwa kumenyesha, tukapanda gari tukaenda kazi. Siku ya tisa ndio mama mmoja ambaye ni nesi akaandika, "Jamani, lakini Jirani yuko sawa kweli?" Nikampigia, simu mteja. Nikamtumia meseji, tiki moja. Hapo sasa grupu ikawaka na kwa siku tatu hakuna mtu aliyeongea habari za jam.

Waliosema atafutwe walikuwa na hoja nzito na sitaki kuzipita haraka. Nairobi mtu anaishi kwa bedsita peke yake, mwenye nyumba anamjua kwa risiti ya kodi, ndugu wako Kitui ama Busia wanapiga simu mara moja kwa mwezi, kazini ni kibarua kwa hivyo asipotokea anaitwa mwingine. Mtu kama huyo akianguka bafuni, nani atajua? Inawezekana kabisa watu wa kwanza kuona pengo ni wale anaoandikia kila siku, hata kama hawajawahi kumshika mkono. Huko Norway kulikuwa na kijana anaitwa Mats Steen, alikuwa na ugonjwa wa misuli na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani ameishi maisha ya upweke, kumbe muda wote alikuwa akicheza World of Warcraft na watu waliompenda sana. Wenzake walijua amefariki kwa sababu moja tu, alikuwa ameacha neno la siri la ukurasa wake na wazazi wakaandika pale, jumbe zikamiminika na baadhi ya wale wenzake wakafunga safari hadi mazishini. Sasa fikiria bila lile neno la siri. Simu nyingi hapa kwetu zinafunguliwa kwa kidole cha mwenyewe, akienda na kidole kimeenda, na ndugu zake hata hawajui kama kuna watu mia tatu wa kuambiwa.

Halafu kuna hii hofu yetu nyingine ambayo mtu wa nje anaweza kuona ni chumvi. Tangu yale maandamano ya vijana ya Juni 2024, kunyamaza Nairobi kumebadilika maana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema mwishoni mwa Desemba mwaka huo kwamba watu waliotekwa tangu Juni walikuwa wamefika 82, na 29 bado hawajulikani waliko. Vijana kadhaa waliachiliwa Januari 2025, na kabla ya hapo familia zilikuwa zinalia hadharani zikiomba warudishwe. Kwa hivyo kijana mmoja kwa grupu aliposema "kelele ndio ngao, tupige kelele sasa" mimi siwezi kumwambia anakosea, ameona alichoona.

Shida ni kilichofuata. Saa tano usiku kijana huyo huyo akafanya ile mbinu kila mtu anaijua, unaanza kumtumia namba hiyo shilingi kumi kwa M-Pesa, jina likitokea unakatisha. Akapiga skrinshoti akaiweka grupu, majina yote mawili. Mwingine akakumbuka Jirani aliwahi kututumia picha moja ya Krismasi, amevaa sweta ya bluu, anacheka, akaikata ikabaki uso, juu akaandika ANATAFUTWA kwa herufi nyekundu na chini akaweka namba ya simu yake yeye mwenye kutengeneza bango. Asubuhi bango lilikuwa limefika grupu ya kanisa, ya shule, ya waendesha boda. Na kabla ya saa sita mchana aliyeweka namba yake akawa amepigiwa na "mtu wa hospitali" anayesema Jirani amelazwa na inatakiwa elfu nane ya dawa haraka. Hospitali gani? Simu ikakatwa.

Admini wetu, mzee mtulivu ambaye huwa anaandika tu "tafadhali tuzingatie fea", ndiye aliyesimamia upande wa pili. Alisema mtu ana haki ya kuondoka bila kuaga. Sisi hatujui anamkwepa nani. Na akauliza hivi, kama angekuwa ni mwanamke amehama nyumba usiku na watoto wawili, amebadilisha laini ili yule anayempiga asimpate, mngekuwa mmemfanyia nini na hilo bango? Baada ya yale maandamano ya Januari 27, 2024, tao imejaa watu wakilia wanawake wanauawa, hilo si swali la kupuuza. Anayetafuta kwa upendo na anayetafuta kwa ubaya wanatumia bango moja, tena wa pili anaweza kuwa ndiye analia kwa sauti zaidi.

Mzee pia aligusa sheria, kwa kifupi tu. Katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha, ikiwemo habari za mtu na familia yake zisitolewe bila haja. Na si maneno ya kitabuni, Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini. Ni kweli mtu binafsi na mambo yake ya nyumbani sheria inamwachia nafasi, lakini watu mia tatu na bango linalofika kanisani, hiyo bado ni nyumbani?

Hapa ndipo nilipoanza kuona pande zote mbili zinabishania kitu tofauti na kile zinachokitaja. Mimi nililelewa Mombasa kwa nyanya, na kwa nyanya hodi ni mara tatu. Unasimama nje, unabisha, unangoja, ya tatu isipojibiwa unarudi ulikotoka na huna kinyongo, mwenye nyumba hakukukosea. Lakini huyo huyo nyanya angeona moshi unatoka dirishani asingehesabu hodi, angeita vijana wavunje mlango. Kwa hivyo swali la tutafute ama tuache nadhani limekaa vibaya. Swali ni je, kuna moshi?

Na moshi unaonekana ukirudi kusoma alichoandika, sio ukimtazama profaili. Sisi tulirudi nyuma hadi miezi miwili. Mtu ambaye ameanza kuaga aga, anagawa vitu, anaomba msamaha wa mambo ya zamani, huyo usimsubirie hodi ya pili. Na niseme hapa, kwa miaka mingi watu waliogopa kwenda polisi kusema rafiki yangu anataka kujiua kwa sababu kujaribu kujiua kwenyewe kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, ungemtafutia msaada ukamtafutia kesi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyesema anafuatwa na gari asilolijua, huo pia ni moshi. Mgonjwa wa sukari anayeishi peke yake, moshi. Jirani hakuwa na hata kimoja. Meseji yake ya mwisho ilisema, "Survey kuna lori limelala, piteni sevis leni."

Hata hivyo mimi na yule nesi tulienda kituo cha polisi. Watu wengi bado wanadhani lazima usubiri saa 24 ndio uripoti mtu amepotea, hakuna sheria kama hiyo, nadhani tunachanganya na zile saa 24 za kumfikisha mshukiwa kortini. Unaripoti, inaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, unapewa namba. Afisa alikuwa mtu mzuri tu, akafungua kitabu.

"Majina yake matatu?"

Tukatoa yale ya M-Pesa, mawili.

"Anaishi wapi?"

"Githurai."

"Githurai gani? Mara ya mwisho alikuwa amevaa nini?"

Tukatazamana na nesi.

"Na nyinyi ni nani wake?"

"Afande, sisi ni wa grupu."

Akaweka kalamu chini polepole. Hakutucheka, lakini aliuliza kama tunajua jamaa hata mmoja, na hatukujua, na bila jamaa utazunguka hospitali ya Kenyatta na City Mortuary ukiwa na picha ya sweta ya bluu tu. Hapo ndipo nilielewa kwamba tulikuwa tunamjua Jirani kwa upana wa barabara nzima na hatumjui kwa upana wa mlango. Hapa nichekeshe kidogo, angekuwa mweka hazina wa chama tungempata kwa siku mbili, kitambulisho, kijiji, hadi jina la chifu tungekuwa nalo.

Nesi ndiye aliyebisha hodi vile inavyotakiwa. Alienda steji ya Githurai jioni, bila bango, akauliza makanga mmoja mmoja kama wanamjua mtu anayeamka mapema na kuuliza fea kila siku. Wa kwanza hapana. Wa pili akamtazama kutoka juu hadi chini akauliza, "Nyinyi ni wa loan?" Na hilo swali lina historia. Hapa mjini anayekutafuta kwa bidii mara nyingi ni mtu wa apu ya mkopo, anapigia mpaka mjomba wako na bosi wako, na katika faini zile zile za Septemba 2023 kulikuwa na kampuni moja ya mikopo iliyotozwa shilingi 2,975,000 kwa mchezo wa kutumia namba za watu wengine hivyo. Makanga kukataa kusema si roho mbaya, ni ulinzi. Nesi hakumbishia. Akaandika namba yake kwa karatasi, akasema, "Ukimwona mwambie majirani wanamsalimia. Sitaki kujua ako wapi."

Siku mbili baadaye simu ikaingia, namba mpya.

Alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwa majengo yanayotazama steji, ndio maana alfajiri alikuwa macho na fea anaiona kwa macho yake. Kazi iliisha ghafla. Laini akaizima, ndiyo, kwa sababu ya madeni, makanga hakuwa amekosea sana. Akarudi nyumbani ushago. Nesi akamuuliza mbona hakutuambia hata neno moja. Akasema, "Sasa ningeripoti nini na siko huko?"

Hilo jibu limenisumbua kuliko ubishi wote wa zile siku tatu. Yeye alijua sisi tunahitaji fea, akaona asipokuwa na fea hana haki ya kubisha kwetu. Na zile siku tisa zinasema hakuwa amekosea kabisa. Kwa hivyo nikisema niko upande wa kutafuta, maana niko, nasema kutafuta kwa mtu mmoja ama wawili wenye kifua, salamu itangulie kabla ya picha, na bango liwe la familia kuamua ama la siku kuna moshi kweli. Ukimpata muulize yeye mwenyewe tuwaambie wengine nini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi usiku ule wa skrinshoti tuliyagawa yake yote akiwa hayupo.

Alichotaka kiambiwe grupu ni mistari miwili, kwamba yuko salama na asiongezwe kwa sasa. Nesi akaandika hivyo hivyo. Watu wakauliza ako wapi, amepatwa na nini, mbona hawezi kusema mwenyewe, na nesi hakujibu hata mmoja. Yule kijana wa M-Pesa akafuta skrinshoti, lakini muda wa kufuta kwa kila mtu ulikuwa umepita, ikafutika kwake tu. Baada ya kama dakika ishirini mtu akaandika, "Shukrani kwa Mungu. Allsops ikoje?"

Bango nalo bado linatembea. Wiki jana binamu yangu wa Voi alinitumia, lina ile mishale miwili ya kuonyesha limefowadiwa mara nyingi, sweta ya bluu, kicheko cha Krismasi, na chini yake ameniandikia, "Huyu si wa huko kwenu? Mungu asaidie apatikane."