Kitanda Kiko Tayari

Bosi wetu alienda Dar kwa binamu yake anayetengeneza programu za kompyuta, akarudi Makambako na ubao mweupe, pakiti la vikaratasi vya kunata na dini mpya iitwayo ajaili (agile), mtindo wa waandika programu wa kupanga kazi.

Kila asubuhi karakana nzima ya useremala tusimame dakika 15: jana umefanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Kusimama ni ili maneno yasizidi. Ilani ya hiyo ajaili iliandikwa mwaka 2001 na wataalamu 17 wa programu, milimani Utah, Marekani, kwenye hoteli ya watelezaji wa theluji. Kumbe baridi wanaijua! Sisi Juni hii, saa moja asubuhi, tulikwama pamoja: vidole havikunjuki. Halafu fundi mkuu, Mbena wa watu, hasemi neno la kazi kabla hajasalimia. Kamwene huyu, kamwene yule, dakika zinakatika bado anaulizia watoto.

Ubao ulikuwa na safu tatu: Inasubiri, Inatengenezwa, Tayari, na kila kazi ina kadi yake ya kunata. Huo ndio kanban, mfumo wa kuendesha kazi kwa kadi, wa Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota. Inatengenezwa isizidi kadi tatu, mafundi wasije wakaanza vitanda kumi wakamaliza sifuri. Kadi ikifika Tayari, mimi wa ofisi ya mbele nampigia mteja.

Ijumaa upepo wetu ukaingia karakana, kadi zote zikalala kwenye maranda. Dogo wa kufagia akaziokota, akazipangusa, akabandika tatu Inatengenezwa kama alivyofundishwa. Inasubiri iko upande wa mlango, kila akibandika inapeperuka. Zilizobaki zote akazipeleka Tayari. Bosi akapiga picha, akanitumia WhatsApp na dole gumba. Nikapiga simu.

Toyota kadi husafiri na sanduku la vipuri; kwetu ilisafiri bila kitanda. Jumamosi kwetu ikaja kirikuu na vigelegele: ukoo wa bwana harusi, wamefuata kitanda cha mninga, tano kwa sita, harusi jioni. Shangazi mtu akashuka, kanga mbili kiunoni, akaonyeshwa mbao nne zimeegemezwa ukutani, moja bado ina magome.

"Baba, hiki ndicho kitanda?"

"Shikamoo shangazi," bosi akajibu. "Kiko kwenye mchakato."

"Marahaba. Maharusi walale kwenye mchakato?"

Akakaa juu ya benchi la randa, akasema gari haliondoki tupu. Na lilikuwa limeziba geti. Saa nane bosi mwenyewe, na bisibisi mkononi, akaenda nyumbani kwake kufungua kitanda cha chumbani. Mkewe alikuwa kanisani, kwaya.

Jumatatu mkewe alikuja kwenye kikao cha kusimama. Hakusalimia mtu, hata fundi mkuu. Akaandika kadi: "Kitanda cha mke wa bosi." Akaing'oa moja iliyokuwa Inatengenezwa, akamkabidhi mumewe, akaomba nyundo, akaigongelea yake mahali pale kwa msumari wa nchi tatu.