Kabla ya Mnada, Mlipe Kibarua

Sisi washarika wa Moshi tunajua kumtolea Mungu. Ibada ikiisha, mnada unaanza palepale nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, kuku, trei la mayai. Watu wanapandishiana bei kwa furaha, kwa kuwa fedha ni ya kazi ya Bwana. Naupenda mnada ule kwa moyo wote. Kinachoniuma ni Jumatatu, pale mtu aliyenunua mkungu kwa bei mara tano ya sokoni anapomwambia kibarua aliyempalilia kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, "Njoo Ijumaa tuongee."

Ijumaa kibarua anakuja. Geti halifunguliwi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mtu wa namna hiyo alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, maana ni maskini na roho yake yote iko kwenye ujira ule. Yakobo anaongeza kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana wa majeshi. Sidhani kama mnada unazizima.

Tumezoea kumwita mtumishi yule anayeonekana madhabahuni. Lakini Kolosai 3:23, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo", Paulo hakuwaandikia wanakwaya. Alikuwa akisema na watumwa, watu wa kufagia, kupika na kuchota maji. Na Dorkasi wa Yafa hatusomi popote kwamba alihubiri. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea.

Pale soko la Mbuyuni kuna mama anayeuza maharage. Anajaza sado, anaitikisa yashuke, anaongeza mpaka yanafanya kilele na kumwagika pembeni, halafu anatupia konzi moja ya nyongeza. Hafanyi hivyo kwa wateja wake wa siku zote tu. Hata mgeni anapimiwa vilevile. Wapo wengine ambao chombo chao kimebonyezwa kitako kikaingia ndani, na mnunuzi hajui mpaka afike nyumbani. Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Kwangu mimi, huyu mama anahudumu kila siku ya soko, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti.

Vivyo hivyo kwa wauguzi. Tangu hospitali ya KCMC hapa Moshi ilipofunguliwa mwaka 1971, wako Wakristo ambao Jumapili zao huishia wodini, wakigeuza wagonjwa wasipate vidonda vya mgongo. Kwenye daftari la mazoezi ya kwaya wanaandikwa watoro. Hilo si haki, nalisema waziwazi.

Ombi langu kwa wazee wetu wa kanisa ni dogo. Wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, kwenye matangazo, isomwe Mathayo 5:23-24, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako, kisha watu waambiwe bila kuzungukazunguka: kama unadaiwa ujira wa kibarua, wa dada wa kazi au wa mlinzi, nenda kalipe kwanza, halafu ulete mkungu wako.