Wapangaji Watano, Chumba Kimoja

Jamani, mimi napanga Tandika. Chumba kimoja, choo cha kushirikiana, na mita moja ya LUKU tunayoichangia kaya nne. Mama mwenye nyumba ana sheria zake: friji marufuku, pasi Jumapili tu, na ukikutwa na jagi la umeme utafute pa kulala. Si roho mbaya, ni hesabu. Nyumba ikivuka uniti 75 kwa mwezi inatolewa kwenye bei ya watumiaji wadogo, na hiyo 75 mama wa watu anailinda kama mwali.

Mimi nikajipa akili. Kila tangazo la kazi ya seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine, linataka uzoefu, na uzoefu utaupata wapi hujaajiriwa? Nikasema najenga maabara humuhumu ndani. Unachukua kompyuta moja ya mezani, unaigawa ndani kwa ndani, zinakuwa kompyuta kadhaa, kila moja na mfumo wake, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Hizo ndizo mashine pepe. Kwa mtu wa uswahilini hilo wala halihitaji darasa: ni nyumba ya kupanga. Kila mtu na ufunguo wake, lakini bati moja, na mmoja akikaanga dagaa wote mnanusa.

Kariakoo kijana wa mtumba akaniapia kwa Mungu: prosesa i5, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 16. Nafika nyumbani, nafungua kasha, nakuta kipande kimoja cha 8, na pembeni tundu tupu lina vumbi la miaka. Nikampigia. "Braza, tundu si lipo? Weka nyingine ya 8, inakuwa 16." Nikakosa la kusema. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikashusha Proxmox, programu ya kugawa kompyuta, kwa bando la usiku, macho mekundu kama mlinzi. Ikakaa vizuri. Naamuru mashine ya kwanza iwake, inagoma. Siku mbili naisihi. Kumbe ruhusa ya kugawanya prosesa imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya chini kabisa ya kompyuta, mahali ambapo usipobonyeza F2 kwa mapigo ya ngoma wakati inawaka, huingii. IBM walikuwa na mfumo wa VM/370 tangu mwaka 1972, wanagawa mashine moja kwa watu kibao, na mimi leo nashindwa na kitufe.

Basi nikapangisha mifumo mitano. Ubuntu nikampa GB 2 za RAM, Debian wawili GB 1 kila mmoja, pfSense wa kulinda geti GB 1, na bwana mkubwa Windows Server GB 4. Huyu wa mwisho ni wa majaribio, anakaa siku 180 tu, yaani karibu miezi sita, kama mkataba wangu. Jumla 9 ndani ya 8, na hapo Proxmox mwenyewe hajala. Najua! Ila mimi nimekulia kwenye daladala za Mbagala, neno "imejaa" huwa silielewi.

Usiku wa kwanza ilipozidiwa, keneli, moyo wa mfumo wenyewe, ikaangalia nani mnene kuliko wote, ikamkamata Windows Server, ikamtupa nje na godoro lake. Hakuna notisi wala kuitana kwa mjumbe. Nilimwonea huruma, maana nami mwezi huo nilikuwa nadaiwa kodi.

Feni yangu moja sasa inampulizia yeye, kompyuta. Mimi nalala sakafuni na kanga iliyolowa. Nimenunua na UPS ya mtumba, betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika inanipa dakika tatu za kuzima wapangaji watano, huku inalia pii, pii, pii, hadi fundi viatu wa chumba cha pili anagonga ukuta akiuliza nimefuga kifaranga gani.

Kilichoniangusha ni LUKU. Mashine inakula kama wati 100, haizimwi. Piga hesabu: uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Nyumba nzima imebakiwa na uniti tatu za kujigawia. Jumamosi mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, anasikiliza ule mvumo.

"Mwanangu, nini kinanguruma humo?"

"Kompyuta tu mama. Nina mashine pepe, najifunzia."

"Unafuga mapepo nyumbani kwangu?"

"Hapana mama! Pepe!" Hapo nikafanya kosa la maisha yangu, nikamweleza. Nikamwonyesha kwenye skrini: huyu Ubuntu, hawa Debian, huyu wa getini, yule mkubwa ni Windows, wa miezi sita. Wote wanaishi kwenye kasha hili moja, kila mmoja na nafasi yake, wanachangia umeme mmoja.

Akatikisa kichwa polepole. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Akagusa skrini kwa kidole, mmoja mmoja, midomo inacheza.

"Watano. Mchango wa LUKU hapa ni elfu tano kwa kichwa, kwa hiyo elfu ishirini na tano, ukiacha ya kwako." Akageuka kuondoka, halafu akarudi. "Na huyo Windows mwenye miezi sita, kodi yake alimpa nani?"