Kuazima na Kunyamaza: Deni la Msanii kwa Msanii Mwenzake

Mwaka 1889, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alianza kuchora upya kazi za Jean-François Millet, mchoraji aliyekuwa amefariki miaka 14 kabla. Hakuwa na picha zenyewe bali nakala zilizochapwa bila rangi, naye akazivika rangi zake. Katika barua kwa ndugu yake alijitetea kwamba mwanamuziki anayepiga kazi ya Beethoven huitia tafsiri yake mwenyewe, ilhali mchoraji hutakiwa siku zote awe mtunzi tu. Hoja hiyo bado ina nguvu, hasa mbele ya wanaodhani kwamba msanii wa kweli hamtazami mtu.

Ushahidi mzito zaidi wa upande wa wanaotetea kuazima ni wachoraji Georges Braque na Pablo Picasso, waasisi wa mtindo uitwao “cubism”. Hadi vita vya mwaka 1914 vilipowatenganisha, walikuwa wakitembeleana na kukaguliana kazi kwa karibu mno, na kwa muda waliacha kutia sahihi upande wa mbele wa picha zao. Braque alikuja kuufananisha ushirikiano huo na wapanda milima wawili waliofungwa kamba moja. Siamini kwamba mmoja wao angefika peke yake pale walipofika pamoja.

Wanaopinga nao wana jambo. Kinachoingia akilini hakitoki kirahisi, na msanii huweza kutoa cha mwenzake akidhani ni chake. Ndivyo mahakama ya Marekani ilivyoamua mwaka 1976 kuhusu mwanamuziki George Harrison: kwamba alinakili wimbo wa wengine bila kukusudia. Hata hivyo, sheria nayo huweza kukaza kupita kiasi. Mwaka 2015 jopo la mahakama huko Los Angeles liliamua kwamba watunzi wa wimbo mmoja walinakili wimbo wa mwimbaji Marvin Gaye, na rufaa ilipofuata, wanamuziki zaidi ya 200 waliionya mahakama kwamba hukumu ya namna hiyo ingewatia woga watunzi wote. Nakubaliana nao. Wimbo una mwenyewe, lakini mtindo na ladha ya zama fulani ni mali ya kila mwenye masikio; tukivitoza, watakaoumia kwanza ni vijana wanaojifunza.

Linaloniuma mimi ni jingine. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro jijini Paris, akakutana na vinyago vya Afrika, na uchoraji wa Ulaya ukabadilika. Sisemi kwamba hakupaswa kuvitazama. Angalipita bila kuguswa, ingekuwa hasara. Lakini Millet, ambaye van Gogh alimwazima, anatajwa hadi leo kila picha zile zinapooneshwa, ilhali waliochonga vinyago vile waliitwa kwa jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Deni likabaki bila mdai.

Huenda mtu akajibu kwamba haiwezekani kumtaja asiyejulikana. Jibu hilo lingetosha kama kweli wachongaji hawakuwa wakijulikana, lakini wengi walijulikana vizuri kwao, isipokuwa waliovichukua vinyago kwa kawaida hawakuuliza. Olowe wa Ise, mchongaji Myoruba wa Nigeria, alichonga milango ya jumba la mfalme wa Ikere ambayo ilioneshwa London mwaka 1924 na kuishia katika makumbusho ya huko, huku jina lake likichelewa kwa miaka mingi kutajwa katika maandishi ya Ulaya. Alifariki mwaka 1938. Nusu karne baadaye, mtafiti alipofika kuuliza habari zake, mmoja wa wake zake alikuwa bado anazikumbuka beti za kumsifu, akazighani.