Gumba, pete, kati, shahada

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla makondakta hawajaanza kuita abiria kule stejini, mimi huwa nimeshaketi kwenye stuli ya jikoni. Mguu wa kushoto uko juu ya mkebe wa rangi walioacha mafundi. Soksi kuukuu nimeichomeka chini ya nyuzi, pale karibu na daraja la gitaa, kile kibao kinachoshikilia nyuzi, sauti isije ikavuka ukuta na kumwamsha mtoto wa jirani. Halafu mkono wa kulia unaanza: gumba, pete, kati, shahada. Gumba, pete, kati, shahada. Dakika ishirini. Nikimaliza nateleka chai, naoga, nashuka kuwahi gari la kwenda mjini.

Huu ni mwezi wa kumi na sita najifunza wimbo mmoja tu, na bado sijaumaliza. Naandika haya kwa sababu kila nikiwaambia watu ninachofanya, jibu huwa lilelile: ningependa na mimi, ila mji huu hauniachii muda. Naielewa kauli hiyo. Barabara inakula saa tatu za siku, kazi inakula nyingine, na kinachobaki ni vijisehemu. Lakini nimeshika msimamo kwamba vijisehemu hivyo vinatosha, na kwamba tunavidharau kwa sababu tu ya udogo wao.

Wimbo wenyewe unaitwa Recuerdos de la Alhambra, yaani Kumbukumbu za Alhambra. Aliutunga Mhispania Francisco Tárrega mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Alhambra ni kasri la wafalme Waislamu wa Granada, kusini mwa Hispania, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1492, na msomaji mwenye Kiarabu kidogo ataona mara moja kwamba jina lile ni al-hamra, jekundu. Kuta zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu, na kwenye nyua zake kuna maji kila ugeukapo: mabirika, mifereji, chemchemi. Wengi husema wanayasikia maji hayo ndani ya wimbo. Mimi niliusikia mara ya kwanza kwenye redio ya teksi, tumekwama Barabara ya Jogoo hapa Nairobi na mvua inanyesha, nikadhani ni watu wawili wanaopiga. Mtangazaji alipotaja jina nililiandika nyuma ya risiti. Nilipoutafuta nyumbani nikakuta ni mtu mmoja na gitaa moja.

Ugumu wake umejificha hapohapo. Uzi wa gitaa ukishaguswa, sauti inaanza kufa papo hapo. Huwezi kuivuta kama mpiga fidla anavyovuta upinde wake. Kwa hiyo mpigaji anairudia noti ileile upesi kwa vidole vitatu, pete, kati na shahada, mpaka sikio likubali kwamba ni sauti moja ndefu, huku gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kujenga wimbo wa pili chini yake. Kila kipimo, yaani kile kijisehemu cha wimbo kinachotengwa kwa mistari kwenye karatasi ya noti, kina midundo mitatu, na kila mdundo una noti nane. Ukipiga kwa mwendo wa midundo 75 kwa dakika, hizo ni noti 600, kumi kila sekunde, na zote zinatakiwa zilingane. Kidole cha pete, ambacho siku nzima hakitumwi kazi yoyote ya maana, hapa kinadaiwa nguvu sawa na shahada. Kikichelewa hata kidogo, maji yanakauka na unachosikia ni punda anayechechemea.

Kabla ya miezi hii kumi na sita nilipoteza karibu mwaka mzima. Nilikuwa mtu wa Jumamosi. Juma zima gitaa linaning'inia ukutani, Jumamosi nalishusha na kupiga saa nne mfululizo, tangu kipimo cha kwanza hadi pale nitakapokwama, kisha narudi mwanzo. Jioni mkono unauma hadi kwenye kiwiko. Jumamosi inayofuata nakuta karibu yote yamenitoka, isipokuwa makosa. Makosa yalikuwa palepale nilipoyaacha. Kila nilipopita kipimo cha tano kwa kubahatisha, nilikuwa navifundisha vidole kubahatisha, navyo vikashika somo.

Aliyenikomesha ni mwalimu wangu. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, mimi nina arobaini na tatu. Yeye huniita mama, mimi namwita mwalimu, na tunaheshimiana hivyo. Alinisikiliza mara moja, akachukua daftari lake akaifunika nalo karatasi ya noti, vikabaki wazi vipimo vinne.

"Mama, hivi ndivyo vya mwezi huu."

"Mwezi mzima, mwalimu?"

"Mwezi mzima. Na usipige kwa kasi ambayo huwezi kuongea nami huku unapiga."

Nilitoka pale nimenuna. Nauli ya kwenda na kurudi, ada ya somo, yote kwa vipimo vinne! Lakini nilifanya alivyosema. Nikaweka metronomu ya simu, ile inayolia kwa mwendo usiobadilika, kwenye milio 60 kwa dakika, mlio mmoja kidole kimoja. Noti moja kwa sekunde, katika wimbo unaotaka kumi. Kwa mwendo huo unasikia kila kitu: ukucha wa kati unavyokwaruza, shahada inavyogonga uzi wa kwanza pale wimbo unaposhuka kwenye uzi wa pili, bega la kulia lilivyopanda karibu na sikio bila mtu kuliita. Mambo hayo yote yalikuwepo Jumamosi zile, ila kasi iliyafunika. Baada ya hapo nilipandisha midundo minne kila Jumatatu, na Jumatatu ambayo vidole vilikataa, nilirudi nilikotoka bila ubishi.

Tena kuna kitu ambacho Jumamosi isingeweza kunipa hata ningeongeza saa, nacho ni usingizi. Wanaochunguza ubongo wameonyesha kwamba ustadi wa mikono huendelea kutulia mtu akiwa amelala. Anayefanya mazoezi mara moja kwa juma anapata usiku mmoja wa namna hiyo, kisha siku sita za kusahau. Mimi sasa napata kila usiku. Mara nyingi jambo lililonishinda Jumanne limekubali Jumatano alfajiri, kwenye jaribio la kwanza, macho bado mazito. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Lilipotokea mara ya tano nikaacha kufikiria kuongeza muda. Nilipotamani kufika dakika arobaini nilijizuia, maana najijua, dakika arobaini zingezaa asubuhi ya kuahirisha, na asubuhi ya kuahirisha huzaa juma.

Haya si maarifa mageni. Nilikulia Pumwani, hatua chache kutoka madrasa. Jioni tulikuwa tunawasikia watoto wakirudia aya moja, hiyohiyo, mpaka maalimu aridhike, ndipo wapewe inayofuata. Hakuna mzazi niliyemsikia akilalamika kwamba mwanawe amekaa kwenye aya moja tangu Jumapili. Ilijulikana kwamba kitu kikubwa huingia hivyo, kidogo kidogo na kila siku. Sisi wenyewe tumelelewa katika njia hii, kisha tukifika utu uzima tunaiona ni ya watoto. Tunataka kozi ya mwisho wa juma. Tunataka cheti.

Niseme na kuhusu kucha, kwa sababu ndizo zilizonigharimu machozi. Za mkono wa kushoto zinakatwa hadi kwenye nyama, la sivyo hazikuachii kubana uzi. Za kulia zinafugwa, milimita mbili hivi kupita ncha ya kidole, kisha zinapigwa tupa kufuata umbo la kidole na kulainishwa kwa msasa laini kabisa, ule wa namba 1000 na kuendelea, ninaonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukingo ukiwa na mkwaruzo usioonekana hata kwa macho, uzi wa nailoni utakuonyesha. Sasa fikiria mtu anayefua kwa mkono. Ukucha wa pete ulinivunjikia ndani ya beseni la jinzi, mwezi wa sita, na kwa wiki tatu nikapiga kwa nyama tupu nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Tárrega mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alikata kucha zote akapiga kwa ncha za vidole. Nilijifariji kwa hilo. Siku hizi navaa glavu za mpira, nafua nusu Jumatano na nusu Jumamosi.

Na ukinunua nyuzi, tazama pakiti vizuri. Duka moja la mjini liliniuzia nyuzi za chuma kwa ajili ya gitaa la nailoni, muuzaji akanihakikishia zote ni sawa. Si sawa. Chuma kinavuta kwa nguvu kubwa kuliko ubao ule ulivyojengewa, na baada ya siku kumi daraja lilikuwa limeanza kunyanyuka, unaweza kupitisha kadi ya simu chini yake. Fundi alilirudisha kwa gundi na vibanio, lakini alama ipo hadi leo.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nahangaika na muziki wa Hispania wakati tuna wetu. Mjomba wangu alipiga gitaa kavu la Magharibi ya Kenya, lile la enzi za mpigaji George Mukabi, gumba likishika besi na shahada ikiimba juu. Nilipomwona mwalimu akinionyesha kazi ya gumba, nilimwona mjomba. Sioni kwamba nimehama nyumbani.

Linaloniudhi kweli ni neno kipaji. Mwezi uliopita kazini tulimuaga mwenzetu anayestaafu, nikaombwa nipige kidogo. Nikapiga dakika moja na nusu ya mwanzo, mikono ikitetemeka lakini ikashika. Watu walifurahi, wakanikumbatia, wakasema Mungu amenijalia kipaji. Najua ilikuwa ni upendo. Hata hivyo iliniuma, kwa sababu asubuhi zile zote, baridi ya Julai ile ambayo vidole havikunjiki, soksi, msasa, vipimo vinne kwa mwezi, vyote vilifutwa kwa neno moja. Na anayelitamka amejifungia mlango yeye mwenyewe. Dada mmoja wa idara yetu aliniambia, "Mimi vidole vyangu haviwezi." Nikamwambia vyangu navyo havikuweza, kwa miezi kumi na moja. Nikauweka mkono wake juu ya meza, katikati ya sahani za keki, nikamwonyesha: gumba, pete, kati, shahada. Alijaribu mara tatu, kidole cha pete kikawa kinamgomea, akaendelea kujaribu hata baada ya mimi kuinuka.

Jumapili alasiri ndiyo siku ninayoiondoa ile soksi. Jirani yangu wa chini, mama anayeuza mboga kwenye lango, hajui jina la wimbo; yeye huuita mvua, kwa vile anasema unafanana na matone ya kwanza juu ya mabati. Juzi tulikutana ngazini, yeye na beseni la sukumawiki, mimi na mtungi wa maji.

"Jirani, mvua yako siku hizi inakatika palepale. Kuna nini?"

Nikamweleza. Wimbo ukishapita nusu ya kwanza unatoka kwenye A maina, ile yenye majonzi, unaingia A meja, kama dirisha limefunguliwa. Huko mbele kuna kipimo ambacho kidole kidogo cha kushoto kinatakiwa kijinyooshe hadi mahali ambapo changu hakijawahi kufika, wakati vingine vimebana kwenye nafasi zao. Hii ni wiki ya tatu niko hapo. Kwa mwendo wa pole kinafika mara saba katika kumi.

Aliusikiliza mkono wangu kuliko maneno, maana nilikuwa namwonyesha hewani, mtungi nimeuweka chini.

"Na hizo tatu?"

"Hizo tatu ndizo za juma hili."

Akaniambia Jumapili atapanda juu aje asikilize akiwa karibu, nisiache kumfungulia mlango.