Nawaheshimu wamama wa kwilti, na naomba tuache kugawa nguo chakavu

Naomba niseme hili waziwazi maana limenikaa moyoni muda mrefu. Sisi wabongo wa huku nje ni watoaji, ubahili hatuna, ila mara nyingi tunatoa kile ambacho wenyewe hatukitaki tena. Nyumbani yakitokea mafuriko utaona magunia yanajaa ndani ya wikiendi moja, alafu mkifungua kupanga mnakuta suruali zipu imekufa, shuka limetoboka katikati, kiatu cha mguu mmoja, na aliyeleta kaleta kwa moyo safi kabisa, anajua amesaidia. Tangu nimejiunga na chama cha washona kwilti hapa Minnesota hili jambo limezidi kunikera, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, kwilti ni ule mfarishi wa vitambaa vilivyokatwa vipande vipande na kuunganishwa kwa dizaini, katikati inawekwa pamba, chini kitambaa kizima, alafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja ili zisitembee. Vyama vya kushona hizi vitu vimejaa huku hadi miji midogo kabisa. Mnakutana mara moja kwa mwezi, mara nyingi ukumbi wa kanisa, kuna ada ndogo ya mwaka, kuna muda kila mtu anasimama anaonesha alichomaliza na watu wanamshangilia kweli kweli, kuna maonesho, kuna kwilti moja kubwa ya bahati nasibu mnayoishona wote ili chama kipate hela ya kujiendesha. Wengi ni wamama wastaafu, walimu, manesi, wake wa wakulima. Wanaume wachache wapo na wanashona vizuri tu.

Lakini roho ya chama ni kamati ya misaada. Hao wana siku yao, mnabeba cherehani zenu, mmoja anakata, mwingine anapiga pasi, mwingine anapanga rangi juu ya meza, na mwenye ile mashine kubwa ya kushonea tabaka (bei yake unaweza kununua gari) anajitolea kuzimalizia bure nyumbani kwake. Na msidhani zote zinasafirishwa mbali, nyingi zinabaki hapahapa: nyumba za kuwahifadhi wanawake waliokimbia kupigwa, wodi za watoto njiti, familia iliyounguliwa nyumba, na watoto ambao serikali inawachukua na kuwapeleka kwa familia za kuwalea. Hawa wa mwisho ndo wananiumiza zaidi, maana wengi wao wanahamishwa na vitu vyao vimetupiwa kwenye mfuko wa taka, fikiria mtoto mdogo, usiku, anaingia nyumba ya watu asiowajua. Kwa hiyo tunawashonea kwilti pamoja na foronya ya kufanana nayo, foronya inakua begi lake, na vyote viwili ni vyake moja kwa moja, akihamishwa tena anaondoka navyo.

Sasa niwape kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Mama mmoja mzee sana kwenye chama chetu alishika kwilti ya mtoto ambayo ilishamalizika, ilikua inasubiri kukunjwa tu, akawa anapitisha kidole gumba kwenye pindo la ukingoni taratibu, kona hadi kona. Mahali fulani akasimama. Mshono ulikua umeshika nyuzi mbili tatu tu za kitambaa, ukiangalia kwa macho huoni shida yoyote. Akatoa kile kichuma cha kufumulia (mafundi wetu nyumbani wangetumia wembe), akafumua upande mzima, akaanza upya, wala hakuuliza nani alishona. Mwenzake akamwambia jamani hiyo si ya msaada tu, iache. Akajibu kwamba kwa sababu ni ya msaada ndo maana anafumua, mjukuu wake yeye ya kwake ikiachia atamrudishia bibi aishone, huyu mtoto atamrudishia nani?

Hilo ndo nililotaka kusema kwenye hii makala yote.

Na sio huyo mama peke yake, ni utaratibu. Kuna mtandao wa Marekani nzima unaitwa Project Linus, ulianza 1995 kule Colorado, unagawa mablanketi kwa watoto wagonjwa na waliopatwa na matatizo, wao wanasema wazi kwamba blanketi liwe jipya, limetengenezwa kwa mkono, linafulika, na lisiwe na harufu ya sigara. Kuna Quilts of Valor, wao wamekua wakiwapa wanajeshi na maveterani tangu 2003, wana saizi zao maalum, lazima iwe na lebo nyuma, na mtu hapewi kama anapewa mzigo, anakabidhiwa rasmi, anafunikwa mabegani mbele ya watu. Alafu kuna wa Kilutheri, Lutheran World Relief, shirika la tangu 1945 baada ya vita kuu, hawa ndo wanaopeleka kwilti nchi za nje hadi kwenye kambi za wakimbizi. Za kwao ni rahisi zaidi kushona, inchi 60 kwa 80, tabaka zinafungwa kwa mafundo ya uzi mnene badala ya kushonwa mistari, na washonaji wanaombwa wasiweke misalaba wala bendera, kwa sababu atakayeipokea anaweza kua wa dini yoyote na nchi yoyote. Kanisa linatoa na linaacha msalaba wake nyumbani! Mimi Mlutheri wa Iringa hilo lilinigusa sana.

Mtu atasema dada, wenzako wana hela za vitambaa vipya, yadi moja ya pamba nzuri inapita dola kumi. Kweli. Ila angalieni Masidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walifikishwa Goa na Wareno, wengine kutoka pande za Msumbiji. Wanawake wao wanashona mifarishi inaitwa kawandi kwa nguo kuukuu kabisa, sari zilizochakaa, mashati, vipande vya kila aina. Wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, sindano kwa mkono, mishono myeupe au ya rangi inaonekana kama mistari ya shamba. Na wakimaliza wanaongeza vipande vidogo vya kukunja kwenye kona, vinaitwa phula, bila hivyo wao wanaona mfarishi uko uchi. Kazi ya kuongeza joto phula haina hata kidogo. Kwa hiyo ukuukuu wa kitambaa sio tatizo na mimi sipigani na mitumba, nachokataa ni kumpa mtu kitu ambacho hujakiangalia hata mara mbili.

Kuna hoja nyingine nayo naiheshimu, kwamba tutume hela tu, mablanketi yanunuliwe hukohuko, wauza duka wa hukohuko wapate. Kwenye maafa makubwa nakubali asilimia mia. Watu wa Hanang Desemba 2023 tope limebeba nyumba, pale unatuma hela na unatuma leo, hamna muda wa kukaa kuchagua rangi. Ila sio kila uhitaji ni wa dharura. Mzazi anayejifungua Iringa mwezi wa sita kwenye ule ubaridi, mtoto anayelelewa kituoni, hao tunajua mwaka mzima kwamba wapo, na muda wa kuwashonea tunao.

Kwa hiyo nimeanza kuwasumbua wamama wenzangu wa jumuiya yetu ya Kiswahili hapa Saint Paul. Makanisa ya Kilutheri ya huku yana undugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa kupitia ushirikiano unaoitwa Bega kwa Bega, wageni wanaenda na kurudi, hivo usafiri sio wa kubuni, begi la kilo 23 linabeba kwilti za watoto wachanga nyingi tu. Vipande vya vitenge kila mtu anavyo kabatini. Wamama wa chama wamekubali kutuazima cherehani na kutufundisha, wao wenyewe wanalia kwamba wanazeeka na vijana hawaji, na sisi tumekua na mama zetu tukiwaona wanakanyaga charahani, hatuanzi sifuri.

Tumekubaliana inchi 36 kwa 36, tufue kitenge kwanza kitoe rangi, pindo lishonwe mara mbili. Tunachobishana sasa hivi ni tabaka la katikati, liwe la nini. Wenzangu wanataka pamba asilia kwa sababu ni laini na inapumua, mimi nasimama na poliyesta kwa sababu inakauka haraka, na mwezi wa saba kule jua likigoma, kitu cha pamba kinaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bado kibichi na mtoto anakihitaji. Manesi na wakunga wa Iringa, Mafinga na Makete mnaosoma hapa, nyie ndo mnaofua na kuanika, tuambieni kabla hatujanunua.